Mwanafunzi wa sayansi ya chakula aingie maabara lini?

Wapo walimu wanaoamini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi na teknolojia ya chakula akae kwanza darasani ashibe kemia, hisabati na biolojia, na maabara ya chakula aje kuiona mwaka wa pili, au hata wa tatu. Wapo wengine wanaotaka avae koti jeupe wiki ya kwanza tu, kabla hata bumu, ile posho ya mkopo, halijaingia. Ukipita kwenye idara za vyuo vikuu zinazofundisha fani hii, iwe SUA Morogoro, JKUAT Juja au Egerton Njoro, hutakosa watu wa kambi zote mbili, na kila kambi ina mambo ya msingi ya kusema. Kinachonisumbua ni kwamba mara nyingi wote wawili wanagombea sababu isiyo yenyewe.

Tuanze na wanaosema asubiri, maana hoja zao hudharauliwa kama uvivu au ubahili, na si haki.

Kwanza ni idadi. Chukua darasa la wanafunzi 120 na bureti 20 zisizovuja. Hapo ni watu sita kwa bureti moja. Mmoja anafungua koki, mmoja anatikisa chupa, mmoja anaandika, watatu wanapiga soga wakisubiri kunakili. Mkiwagawa kwa zamu, fundi sanifu wa maabara anarudia zoezi lile lile siku nzima, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya muhula vinaisha katikati ya muhula. Katika hali hiyo, kusema "tunafundisha kwa vitendo" ni kujidanganya.

Pili ni usalama. Vipimo vingi vya kale vya chakula si mchezo wa watoto. Kupima mafuta ya maziwa kwa njia ya Gerber kunahitaji mililita 10 za asidi kali ya sulfuriki, ambayo ikikutana na maziwa hupata moto mkali papo hapo, kisha mrija unafungwa kizibo na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Njia ya Kjeldahl ya kupima protini ndiyo zaidi, kwani asidi hiyo hiyo inachemshwa kwa saa kadhaa. Kijana ambaye hajawahi kushika pipeti hana sababu ya kuanzia hapo.

Na wengi kweli hawajazoea kushika pipeti. Kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata nchini Tanzania, iliyoshika kasi mwaka 2014, iliacha majengo mengi, lakini jengo na vifaa ni bajeti mbili tofauti. Yuko mwanafunzi anayefika chuoni na alama nzuri ya kemia, lakini bureti aliishika katika wiki za mwisho kabla ya mtihani wa taifa, kwa ajili ya mtihani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na watetezi wa maabara huipita kimya kimya. Mwaka 2018 Natasha Holmes na Carl Wieman, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 2001, walieleza matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa fizikia katika vyuo kadhaa vya Marekani: waliosoma somo pamoja na maabara yake, na waliosoma somo hilo hilo bila maabara. Katika mtihani wa nadharia, maabara haikuwaongezea chochote kinachopimika. Ile ni fizikia na ile ni Marekani, nakubali. Lakini sentensi iliyomo karibu katika kila mtaala wetu, kwamba maabara ipo "ili mwanafunzi aelewe vizuri aliyofundishwa darasani", inabaki bila miguu.

Hapo ndipo ninapoachana na kambi ya kusubiri. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha kwamba maabara ni njia ghali na dhaifu ya kukariri nadharia. Haugusi swali la nini maabara inaweza kufundisha ambacho darasa haliwezi. Kwa sayansi ya chakula jibu langu ni moja: kuitilia shaka namba.

Tazama suala la sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo kama Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilizika watu wapatao 20 kwa sababu hiyo hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Pande zote zilizungumza habari ya kipimo. Wachache walizungumza habari ya sampuli.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Piga hesabu kwa gunia la kilo 100: sumu yote inayoruhusiwa ndani yake ni miligramu moja. Na sumu hiyo haisambai sawasawa. Inaweza kukaa kwenye konzi moja ya punje zilizoota ukungu pembeni, gunia lililobaki likiwa safi. Anayechoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, upande mmoja na anayechoma upande wa pili wanaweza kutoka na majibu mawili, mashine ya maabara ikiwa ni ile ile na haina kosa lolote. Wataalamu wa fani hii wanajua kuwa kosa kubwa zaidi katika kupima sumukuvu hutokea wakati wa kuchukua sampuli, kabla hata ya kugusa kemikali.

Sasa, hili lafundishwa wapi? Kwenye slaidi linachukua dakika tano na linasahaulika siku hiyo hiyo. Kwenye maabara ya mwaka wa kwanza unahitaji gunia la mahindi, bambo, na maharage mekundu yaliyohesabiwa na kuchanganywa humo kama punje zenye sumu. Kila kundi lichote sampuli yake, lihesabu maharage, likadirie yaliyomo kwenye gunia zima, kisha makadirio yote yaandikwe ubaoni. Kundi moja litasema gunia ni salama, jingine litasema litupwe. Hakuna asidi hapo, hakuna mtungi wa gesi, wala mashine ya kuagizwa nje. Na mwanafunzi hajasubiri mwaka wa tatu ili ajue kwamba cheti cha kipimo hueleza kilichoingia kwenye mfuko wa sampuli, basi.

Maziwa nayo yana somo la aina hiyo. Laktometa hupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake. Maziwa ya ng'ombe husoma karibu na 1.030, maji ni 1.000, kwa hiyo ukiongeza maji namba inashuka na mchuuzi anakamatwa. Mpaka hapo kila kitabu kinasema. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji. Mchuuzi akiengua malai kwanza, namba inapanda. Akiongeza maji baadaye, inarudi pale pale ilipokuwa. Laktometa inasema maziwa ni mazima, kumbe yameibiwa mara mbili. Mwaka wa kwanza wanaweza kulifanya jaribio hili kwa lita tano za maziwa na vifaa vya bei ndogo. Nadharia inayohitajika ni ya kuelea na kuzama, waliyoisoma sekondari. Ninalipenda kuliko mazoezi kumi ya kuthibitisha kanuni ambayo hakuna aliyeitilia shaka.

Mtu wa kambi ya kusubiri atanijibu kwa mfano mkubwa zaidi, na lazima nimpe nafasi. Mwaka 2008 nchini China watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walifariki kutokana na maziwa ya unga yaliyotiwa melamini. Maziwa yalikuwa yamezimuliwa kwa maji, na melamini iliongezwa ili kipimo cha protini kisishuke. Kjeldahl, njia iliyobuniwa Copenhagen mwaka 1883, haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, kisha mpimaji anazidisha kwa 6.38 ikiwa ni maziwa na kuliita jibu "protini". Melamini kwa uzito wake ni naitrojeni karibu theluthi mbili. Namba zilizotoka zilikuwa sahihi kabisa kuhusu naitrojeni.

Je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeligundua hilo kwa kuchemsha asidi? Hapana. Angefuata hatua, angepata namba, angezidisha, angefurahi. Kulielewa tukio lile kunahitaji kemia ya kweli, na hapo wanaosema "nadharia kwanza" wana haki mia kwa mia. Ndiyo maana nakubaliana nao kwamba Kjeldahl na Gerber zisiwe za mwaka wa kwanza. Nisichokubali ni kwamba kwa kuwa mazoezi hayo mawili yasubiri, basi yote yasubiri.

Tukubaliane pia kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yanayofanyika sasa hayastahili kutetewa. Kitini kina hatua kumi na mbili, jibu linajulikana tangu mwaka juzi, ripoti za kaka na dada zipo kwenye flashi na kwenye makundi ya WhatsApp. Mwanafunzi anafika maabara akijua anatakiwa apate ngapi. Akipata 17.4 na jibu "la kweli" ni 15.2, afanye nini? Alama zinatolewa kwa kukaribia jibu. Anapika data, anadesa mjadala, anakabidhi. Tumemfundisha jambo moja kwa ufasaha mkubwa, na siku akiajiriwa kwenye maabara ya kiwanda, au kwenye shirika la viwango linalotegemewa na umma, atalikumbuka.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kurekebisha ni mwongozo wa kusahihisha, kabla ya kununua kifaa chochote. Alama ziende kwenye daftari lililoandikwa kwa kalamu ya wino humo humo maabara, namba zilizokosewa zikiwa zimekatwa mstari mmoja na bado zinasomeka. Ziende kwa aliyerudia kipimo mara tatu akaeleza kwa nini vitatu havifanani. Aliyepata 17.4 na akatafuta sababu, labda chupa ilikuwa na maji ndani, labda alisoma bureti akiwa ameinama vibaya, apewe zaidi ya aliyepata 15.2 bila maelezo. Mhadhiri atalalamika kwamba usahihishaji huo ni mzito. Ni kweli ni mzito. Ndiyo sababu mazoezi yapungue: manne au matano kwa muhula, kila moja likichukua wiki mbili, badala ya kumi yanayopita kama gwaride. Wiki ya kwanza kundi lipime, wiki ya pili lirudie baada ya kubadilisha jambo moja walilolichagua wenyewe.

Yapo mazoezi mengine yanayofaa mpango huo. Madini joto kwenye chumvi ya dukani hupimwa kwa titresheni ya thiosalfeti, wanga ukiwa kionyeshi, na rangi ya buluu inapotoweka hata mtazamaji wa nyuma anaiona. Chumvi iliyokaa wazi jikoni inaweza kulinganishwa na pakiti mpya. Unyevu wa mahindi hupimwa kwa oveni na mizani, na 13.5 kwa mia ndiyo namba inayotenganisha ghala salama na ghala la ukungu. Kila mwanafunzi anaweza kuleta sampuli kutoka nyumbani kwao.

Maabara za kwenye kompyuta nazipita haraka. Zinafaa kumwandaa mwanafunzi usiku wa kabla ya zoezi, hasa pale bureti ni chache. Hazifai kuwa zoezi lenyewe, kwani kwenye kioo hakuna povu linalonasa kwenye mrija wala mizani inayotikiswa na feni ya dari. Mafunzo ya viwandani, yale ya kwenda "field", nayo si mbadala, maana kiwanda kinachopokea vijana wasiojua kushika kifaa huishia kuwapa kazi ya kupanga katoni, na siwezi kukilaumu.

Suala la fedha linabaki, na kambi ya kusubiri italirudisha kila kikao cha idara. Lakini tuwe makini tunazungumzia fedha zipi. Mashine kubwa zenye majina marefu huombewa wafadhili, huzinduliwa kwa utepe, na baadhi hukaa zimefunikwa nailoni kwa kukosa kipuri. Mwaka wa kwanza hauzihitaji. Unahitaji bureti nyingi, mizani inayohakikiwa kila muhula, na juu ya yote unahitaji fundi sanifu wa maabara. Ndiye anayejua chupa ipi imechakaa, ndiye anayemwona mwanafunzi akimimina maji kwenye asidi badala ya asidi kwenye maji, ndiye anayebaki wahadhiri wakienda kusoma nje. Anapostaafu, nafasi yake mara nyingi hukaa wazi muda mrefu kuliko ya mhadhiri. Idara ikiniambia haina uwezo wa kuwaingiza maabara wanafunzi wa mwaka wa kwanza, swali langu la kwanza ni mafundi sanifu wangapi imeomba kuajiri kwenye bajeti yake ya mwisho.