Vitumbua vya Saa Tisa Usiku

Shangazi yangu anauza vitumbua Ngamiani, hapa Tanga. Wateja huagiza kwa simu, kijana wa baiskeli anawapelekea. Programu ya kuagizia niliitengeneza mimi, ndiyo maana ukoo mzima unaniita fundi wa kompyuta, cheo kisicho na mshahara ila kina vitumbua.

Jioni moja akaniita. "Mwanangu, nataka kujua watu wananitafuta saa ngapi hasa. Nimechoka kupika vikapoa."

Kila agizo huwa linaandikwa kwenye huduma ya takwimu iliyoko ng'ambo. Nikamwambia nitazichota data zote kwa maktaba ya Python, lugha ya kuandikia programu.

"Maktaba?" Akatazama nje, Magharibi ilishaadhiniwa. "Si watakuwa wameshafunga?"

Nikamweleza kuwa maktaba hii haina vitabu, ni kazi waliyoiandika wenzako, unaichukua bure na kuitumia. "Basi ukimaliza uirudishe," akasema.

Nikaweka ufunguo wa siri, tarehe ya kuanzia na ya kuishia, faili likashuka: kila agizo mstari wake wa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kompyuta iyasome. Nikalimwaga kwenye pandas, maktaba nyingine ya kuchambulia data, nikaiamuru igeuze namba za muda ziwe tarehe. Jibu: maagizo yote yalikuja tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane, ndani ya sekunde mbili.

Shangazi akavaa miwani. "Sabini? Sabini mimi hata sijazaliwa!"

Kompyuta huhesabu sekunde tangu siku hiyo. Sasa pandas usipoiambia kuwa hizo ni sekunde, yenyewe hudhani ni nanosekunde, ambazo bilioni nzima inaenea ndani ya sekunde moja. Nikaongeza unit="s", miaka ikarudi mahali pake. Kilele cha maagizo: 03:00. Nikakigeuza kwa hesabu yetu, saa tisa usiku, nikajiona mtaalamu.

Mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilichora grafu. Ya rangi.

"Saa tisa usiku," shangazi akarudia, akajifunika mdomo kwa kanga. "Watu wa Tanga hawa! Wenyewe wanajua njaa hiyo wameitoa wapi."

Basi saa nane usiku tuko uani. Taa zote zinawaka, mchele umesagwa, iliki inanukia, vyuma viwili motoni. Kijana wa baiskeli amelala wima, ameegemea usukani. Saa tisa ikafika. Simu kimya. Aliyekuja ni paka.

Halafu mlango ukagongwa. Jirani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, sauti imeshuka. "Jamani, nani?"

"Nani nini?"

"Aliyetutoka."

Kweli, nyumba ya Ngamiani ikiwaka taa na kunuka mafuta saa hizo, hiyo si biashara. Kabla sijafungua mdomo, mzee wa nyumba ya pili akaingia na mkeka kwapani. Nyuma yake wanawake watatu, mmoja tayari analia. Hakujua anamlilia nani, lakini alilia vizuri. Shangazi alijaribu kueleza habari za grafu. Wakamshika mabega, wakamkalisha, wakaambiana kuwa amechanganyikiwa kwa uchungu.

Mpaka tukaeleweka, sinia zote zilikuwa tupu. Na nani analipia chakula cha msibani? Mzee wa mkeka alishanibana shilingi elfu mbili kiganjani. "Mungu akupe subira, kijana." Nikaipokea. Subira niliihitaji.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikaanza kulia. Agizo. Agizo. Agizo. Kitumbua hata kimoja hakuna.

Hapo ndipo nikakumbuka: muda ule ulikuwa wa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Zile 03:00 zilikuwa alfajiri yetu hii hii. Nikaongeza mstari wa kubadili majira yawe ya Tanzania, nikampelekea shangazi grafu mpya.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasoma polepole. "Hilo si ungeniuliza tu?"

Kisha akaisogelea skrini, kidole chenye unga kikasimama juu ya ule mstari mpya: Africa/Dar_es_Salaam.

"Ala! Kumbe usiku kucha nimewapikia watu wa Dar?"