Koki Nyuma ya Bega la Rubani

Ajali iliyomuua mwanamuziki wa Marekani John Denver tarehe 12 Oktoba 1997, katika Ghuba ya Monterey huko California, husimuliwa mara nyingi kama kisa cha rubani aliyepuuza kuongeza mafuta. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaanzia mwishoni. Kwa maoni yangu, ajali ile ilianza ardhini, pale kasoro iliyojulikana ilipotafutiwa namna ya kuishi nayo badala ya kurekebishwa.

Ndege hiyo ndogo, aina ya Long-EZ, ilibuniwa na Burt Rutan, na michoro yake ikauzwa kwa watu waliotaka kujiundia ndege nyumbani. Katika michoro hiyo, koki ya kuchagua tangi la kushoto au la kulia hukaa katikati ya miguu ya rubani. Aliyeunda ndege hii hakutaka mabomba ya petroli yapite katika chumba cha rubani, akaihamishia koki nyuma ya bega la kushoto. Nia yake ilikuwa njema, wala hakuvunja sheria, kwani anayejiundia ndege anaruhusiwa kuachana na michoro. Lakini Denver hakuiunda. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika.

Kabla ya safari, yeye na fundi mmoja uwanjani waliizungumzia koki hiyo, iliyokuwa ngumu kuzungusha na taabu kuifikia. Walijaribu kuurefusha mkono wake kwa kuubana na koleo, wasifanikiwe. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma ya kiti, bila alama za kiasi, hivyo fundi akampa kioo cha kuvitazamia. Aliposhauriwa kuongeza mafuta alikataa, kwa kuwa hakukusudia kukaa angani muda mrefu. Koleo na kioo! Denver alikuwa rubani mwenye zaidi ya saa 2,700 za kuruka, na bado wote wawili waliridhika na mambo ya bora liende.

Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, walionyesha kwamba ili kuizungusha koki hiyo rubani alilazimika kuachia usukani, kugeuka nyuma na kupitisha mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, na kwamba mwili ukigeuka hivyo mguu wa kulia hukanyaga bila kukusudia pedali ya kuigeuza ndege, nayo ikashindwa kudhibitiwa. Ripoti yao ilitanguliza kosa la rubani, kisha ikataja mahali pa koki miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mimi ningeupindua mpangilio huo.

Sote tunayajua magari ambayo mwenyewe tu ndiye ajuaye namna ya kuyawasha: nyaya hizi ziguswe, mlango ule usukumwe kwanza. Ndege ya kuundwa nyumbani huweza kufikia hali hiyo hiyo, na ikiuzwa, ujuzi hubaki kwa aliyeiunda. Sheria ya Marekani humruhusu muundaji kupata cheti cha kuikagua ndege yake kila mwaka, lakini cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Mnunuzi hutafuta fundi mwenye leseni, ambaye pengine hajawahi kuiona ndege ya namna hiyo. Utafiti wa NTSB wa mwaka 2012 uliochunguza ajali za ndege hizi za mwaka 2011 ulikuta kwamba zaidi ya nusu zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, na hitilafu za injini zilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu.

Ndege za kiwandani nazo hazijasalimika. Injini ya ndege ya zamani aina ya Ryan, aliyokuwa akiirusha mwigizaji wa Marekani Harrison Ford mwaka 2015, ilipoteza nguvu kwa sababu kipande kidogo ndani ya kabureta kilifunguka, na hapakuwa na maelekezo ya kukikagua kadiri miaka ilivyopita.

Ndiyo maana naona muuzaji alazimishwe kukabidhi maandishi ya kila alipoachana na michoro, na afungue kifuniko cha injini mbele ya mnunuzi. Naye fundi wa ukaguzi wa mwaka akatae kutia saini mpaka rubani, akiwa ameketi na kufunga mikanda yote, aweze kuifikia na kuizungusha koki ya mafuta bila kuachia usukani.