Muziki ukiwa ndio huduma yote ya vijana

Uliza vijana wa kanisa wanatumika wapi, na mara nyingi jibu la kwanza litakuwa muziki. Wako kwenye kwaya, wanaongoza mapambio, wanapiga kinanda, gitaa na ngoma, wanasimamia mitambo. Baadhi ya wazee wa kanisa humshukuru Mungu kwa hilo: vijana wapo, wana kazi, ibada ina uhai. Wengine hulalamika kwamba tumewafanya vijana kuwa watumbuizaji na ibada kuwa onyesho. Kwa maoni yangu hawa wa pili wameliona tatizo sawasawa, ila wamekosea kutaja chanzo chake.

Wanaoutetea muziki wana historia nyuma yao. Mwaka 1524 Martin Luther, kiongozi wa matengenezo ya kanisa Ujerumani, aliandika dibaji ya kitabu cha nyimbo alichokitayarisha mtunzi wa muziki Johann Walter. Alieleza kwamba nyimbo zile zilipangwa kwa sauti nne kwa ajili ya vijana, wapate kitu cha kuwatoa katika nyimbo za mapenzi na za anasa, na badala yake wajifunze lililo jema. Alichokuwa akikiwaza ni mafundisho. Paulo naye, katika Wakolosai 3:16, anaweka kufundishana na kuonyana mahali pamoja na zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni. Kijana husahau mahubiri ya wiki iliyopita upesi sana, lakini ubeti alioushika kwa sauti ya besi, akaurudia mazoezini hadi ukakaa, utamjia hata akiwa peke yake usiku wa manane.

Tena mazoezi yenyewe ni malezi. Kufika kwa wakati, kumsikiliza mwenzako ili usimfunike, kukubali kusahihishwa mbele ya wengine, kurudia kitu ulichodhani unakijua: haya kijana hajifunzi kwa kuambiwa. 1 Mambo ya Nyakati 25 inataja waimbaji 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana, kisha inasema walipiga kura za zamu zao bila kubagua mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Mdogo hakuambiwa asubiri akue. Alifundishwa, akapewa zamu.

Upande wa pili nao una mashahidi wazito, na si watu waliouchukia muziki. Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, akiandika kuelekea mwaka 400, alikiri kwamba kuna nyakati sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na akaliona hilo kuwa dhambi. Lakini alikumbuka pia machozi aliyoyamwaga kwa kusikia nyimbo za kanisa alipokuwa mchanga katika imani, na akaelekea kukubali uimbaji uendelee. Huldrych Zwingli, mwanamatengenezo wa kanisa huko Uswisi, alikuwa hodari wa vyombo vingi vya muziki, na bado katika miaka ya 1520 ibada za mji wa Zürich chini ya uongozi wake zilibaki bila uimbaji. Zamani zaidi, nabii Amosi alitangaza kwamba Mungu amezikataa nyimbo na vinanda vya watu wanaokanyaga haki. Mtu anayejua nguvu ya muziki ndiye anayeuogopa kwa akili.

Ugomvi wa vyombo nitaupita haraka. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alikataza piano kanisani pamoja na ngoma. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada. Sioni sababu ya kumaliza kikao kizima tukibishana juu ya gitaa.

Yanayostahili kikao ni maneno tunayoimba na nani anayeimba. Zaburi ziko 150, na sehemu kubwa ni maombolezo. Ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Sasa chukua nyimbo ambazo timu ya sifa imeimba kwa miezi michache, uandike maneno yake bila muziki. Ushindi utaukuta, kuinuliwa na kupokea utavikuta. Je, kijana aliyefiwa na mama yake atapata wimbo wa kuimba? Je, anayepaswa kutubu? Kisha zimeni spika kwa ubeti mmoja mkasikilize. Kama kanisa limenyamaza, huenda wimbo umepandishwa juu mno kumfuata mwimbaji mmoja, au sauti ya mitambo imewazoesha watu kutazama. Vijana wanaweza kurekebisha hayo wakielekezwa. Nimewaona wakishusha ufunguo na kupunguza sauti kwa furaha, wakishaelezwa kwamba kazi yao ni kuwaimbisha wengine.

Ndiyo maana siwalaumu vijana. Chanzo ni sisi watu wazima tuliowafungulia mlango mmoja tu. Asiyejua kuimba anakaa benchi la nyuma hadi anachoka, ilhali angeweza kufundisha watoto, kutembelea wagonjwa au kukaa na wazee wa kanisa katika hesabu na mipango. Anayejua kuimba naye anaulizwa jambo moja: wimbo umeushika? Maombi yake, masomo yake, hali ya nyumbani kwao, hakuna anayeuliza. Siku akianguka ndipo tunamkumbuka, na tunamkumbuka kwa kumwondoa.

Hapa pande mbili zinagongana kweli. Wengine husema anayesimama mbele ya kanisa lazima maisha yake yashuhudie anachoimba, na nakubaliana nao. Wimbo unaoongozwa na mtu ambaye watu wanajua anaishi kinyume chake huwakwaza wadogo. Wengine husema ukimtoa kijana kwenye timu umemtoa kanisani, na hilo pia ni kweli, kwa sababu timu ndiyo ilikuwa ushirika wake wote. Mimi ningetenganisha kuongoza na kuwa mwanakikundi. Asimame kando, asishike kipaza sauti kwa muda, lakini aendelee kuja mazoezini, aombe na wenzake, asome Neno pamoja nao, na ajue mapema ni lini suala lake litaangaliwa tena. Adhabu isiyo na mwisho unaojulikana humfanya aondoke kimya kimya, na baada ya miezi tunaulizana yuko wapi.

Kiongozi wa timu hawezi kubeba haya yote juu ya kuchagua nyimbo na kupanga mazoezi, hasa kama naye ni kijana. Apewe mzee mmoja wa kanisa anayewafahamu vijana hao kwa majina na kwa nyumba wanazotoka, awepo mazoezini kila mara, hata kama hajui kuimba.