"Malaika wa kanisa" ni nani?

Wapo wachungaji wanaopenda kuitwa "malaika wa kanisa". Hoja yao hutoka Ufunuo sura ya 2 na 3, pale Yohana, akiwa Patmo, anapoagizwa kuwaandikia malaika wa makanisa saba ya Asia, jimbo la Kirumi la wakati huo, kuanzia Efeso hadi Laodikia. Muumini akihoji matumizi ya sadaka, anaambiwa anashindana na malaika. Jambo hili linaniuma, maana Kigiriki cha andiko lenyewe hakimpi mtu ukubwa huo.

Neno lililotumika ni angelos, yaani aliyetumwa na habari. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, anaweza kuwa binadamu, au Iris, mungu wa kike anayepeleka maneno ya Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki. Katika tamthilia za Athens, angelos mara nyingi ni mhusika asiye hata na jina: anaingia, anaeleza kifo kilichotokea mbali na macho ya watazamaji, anaondoka. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki walilitumia kwa neno la Kiebrania mal'akh, lenye upana uleule. Katika Mwanzo 32 Yakobo anakutana na angeloi (wingi wa angelos) wa Mungu, na papo hapo anawatuma angeloi wake mwenyewe kwa Esau. Biblia yetu inasema malaika, kisha wajumbe. Agano Jipya nalo ni hivyohivyo: watu waliotumwa na Yohana Mbatizaji katika Luka 7, wale aliowakaribisha Rahabu katika Yakobo 2:25, hata mwiba wa Paulo, "mjumbe wa Shetani", wote ni neno hilohilo.

Je, wale saba wa Ufunuo ni wa mbinguni? Inawezekana kabisa, kwa kuwa kwingine kote katika kitabu hicho angelos ni kiumbe wa kiroho, si binadamu, na hoja hiyo ni nzito. Lakini basi mchungaji hamo. Na kama ni binadamu, ni mjumbe tu, tena mjumbe anayekaripiwa: barua tano kati ya saba zina lawama. Wa Sardi anaambiwa, "una jina la kuwa hai, nawe umekufa." Sijawahi kusikia mstari huo ukisomwa siku mtu anapopewa cheo hicho.

Tena kila barua ina wito huu: "Yeye aliye na sikio, na alisikie neno hili ambalo Roho ayaambia makanisa." Makanisa, pamoja na yule muumini aliyeuliza habari za sadaka.