Mjomba ameuza ukuta wetu kwa ndoo ya rangi

Jumamosi nilikuwa nyumbani Bunyala, kule Busia, kwa mazishi. Kabla hata sijashuka kwenye bodaboda nikaona duka la mjomba linang'aa, buluu na nyeupe, kutoka msingini hadi kwenye mabati. Kampuni fulani ya sabuni imepita sokoni ikapaka bure kila ukuta unaotazama barabara, na juu yake maandishi makubwa kwamba uchafu kwisha. Mjomba amesimama mlangoni kama bwana harusi.

"Umeonaje?"

"Mjomba, mistari iko wapi?"

"Mistari gani?"

Mistari gani! Ukuta ule wa kushoto, pale tulipokuwa tukipimana urefu tukiwa watoto. Kila maji ya mafuriko yalipoondoka, babu alichukua msumari akakwaruza pale tope lilipoishia, akaandika mwaka pembeni. Mzee hakupita darasa la nne, lakini tarakimu zake zilikuwa zimenyooka kuliko za karani. 1997. 2003. 2007. 2008. Alipofariki mjomba akaendelea, shingo upande: 2011, 2020, 2024. Mwaka wa 1961 haukuwepo kwa sababu duka lenyewe halikuwepo, lakini Kukhu, bibi yetu, hakukubali uachwe. Alikuwa akitembeza mkono ukutani, juu ya mistari yote, anasema haya mnayolilia ni matone, nyinyi hamkuona mvua ya kuelekea Uhuru. Nikiwa mdogo nilidhani anatia chumvi. Baadaye nikasoma kwamba mvua ile ya 1961 na 1962 ilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita 2, na kile kimo cha 1964 hakikupitwa hadi Mei 2020. Kukhu alijua bila kipimo.

Sasa mtaniambia, wee, ni ukuta tu. Sawa. Nionyesheni basi kitabu. Nionyesheni ofisi moja, ya chifu, ya kata, ya kaunti, ambapo mtoto wa Bunyala anaweza kuingia akauliza maji yalifika wapi mwaka fulani, akajibiwa kabla ya kuambiwa arudi kesho. Ukuta wa babu ndio uliokuwa kitabu chetu, na tumeupaka tangazo la sabuni.

Kinachoniuma ni neno moja: ghafla. Kila mto ukivunja kingo, taarifa ya habari ni ileile. Mafuriko ya ghafla Budalang'i, yaani kwetu. Ghafla! Mto Nzoia unaanza kwenye milima ya Cherangany, unakusanya maji ya Elgon kupitia vijito vyake, unapita Webuye, unapita Mumias, zaidi ya kilomita 200 za njia, halafu ukifika kwetu unaitwa ghafla. Mgeni anayetembea kwa miguu kutoka Kitale, na kila kijiji anachopita kinamwona, anaingiaje kwako ghafla? Pale daraja la Rwambwa kuna kipimo, miaka nenda miaka rudi mtu anasoma kimo cha mto. Tena tuna redio yetu ya Bulala FM, iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya kutoa tahadhari. Maji hayajawahi kuja kimyakimya. Ni sisi na wakubwa wetu tunaojifanya tumelala.

Na daiki zenyewe, yale matuta ya kuzuia mto. Zilijengwa miaka ya 70 na 80, moja kaskazini mwa mto, nyingine kusini, na watu wakashukuru. Lakini mto uliobanwa kati ya tuta mbili utautua wapi mzigo wake? Udongo wote mwekundu unaosombwa kwenye mashamba ya juu, mahindi ya Trans Nzoia na miwa ya Mumias, unashukia tumboni mwa mto wenyewe. Kitanda kinapanda, mto unapanda juu ya kitanda, na siku moja unasimama kwenye daiki unagundua maji yako juu kuliko shamba lako. Nimesimama hapo. Unatazama mto kushoto, unatazama paa la jirani kulia, unaanza kuhesabu watoto. Daiki ikipasuka wakati huo, maji hayaji kama mafuriko ya zamani yaliyokuwa yakipanda polepole huku watu wakihamisha kuku. Yanakuja kwa kishindo. Halafu serikali inaziba palepale palipopasuka, kwa udongo uleule, tunapewa unga, magodoro na blanketi, kiongozi anapigwa picha na gambuti mpya ambazo bado zina karatasi ndani, na mistari inaendelea kupanda ukutani. 2007 na 2008 zilifuatana, jamani! Babu hakupata hata muda wa kunoa msumari.

Nitakubali jambo moja, tena kwa kinywa kizito. Daiki tunaziumiza wenyewe. Ng'ombe wanapanda na kushuka humohumo kila siku hadi wanachimba njia, kuna wanaolima mgongoni mwake, na fuko nao wamechimba vyumba vyao. Haya, nimesema. Lakini ng'ombe wa mjomba hakujenga kitanda cha mto.

Wale wa kuuliza "kwa nini hawahami?" huwa nawajibu kwa swali: tuhamie shamba la nani? Tope hilohilo linalotuzika ndilo linalotupa mahindi na mpunga, na maji yakirudi nyuma yanatuachia samaki, kamongo na mumi. Wenzetu Kericho mvua ya mawe inawapukutishia chai mwaka baada ya mwaka na sijasikia mtu akiwaambia wahame.

Oktoba 2023 tuliambiwa kutoka juu kabisa kwamba mvua ya El Niño imeghairi safari. Novemba ikatusalimia.

Ninachotaka hakihitaji mkopo wa mtu. Kila shule, kila kanisa, kila duka la matofali, nguzo moja ya saruji yenye mistari na miaka. Mtu akija kutuuzia ploti Januari jua likiwaka, umpeleke kwenye nguzo. Mwanasiasa akija kuahidi, mwambie ahutubie akiwa amesimama kando yake, tuone 2020 inamfika wapi.

Basi jioni, baada ya mazishi, nikamkalia mjomba. Akasema mkataba unamkataza kukwaruza ile rangi kwa mwaka mzima. Nikamwambia basi ukuta wa nyuma, ambao haujapakwa. Akaleta msumari, shingo upande kama kawaida yake.

"Haya, 2003 ilikuwa wapi?"

Akagusa chini kidogo ya kifua chake. Mke wake akasema hapana, hiyo ni 2011, 2003 ilikuwa kiunoni. Fundi baiskeli wa jirani akaja akasema wote mnakosea, yeye mwaka huo alilala juu ya kaunta ya duka na maji yalilowesha godoro. Mjomba akauliza, kaunta ya zamani au hii? Hakuna aliyekumbuka. Wakabishana hadi giza likaingia, msumari bado uko mkononi.