Twiga wa Bamburi Asiitwe wa Tsavo

Shule zinapofungwa, kurasa za mtandaoni za watu wa Mombasa hujaa picha za twiga. Wengi wa twiga hao ni wale wa Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, waliozoea kunyoosha shingo hadi kwenye jukwaa la wageni na kulishwa kwa mkono. Picha zenyewe aghalabu hupendeza. Kinachonikera ni maneno yanayoandikwa chini yake. Mmoja ataandika “nyikani”, mwingine “safari”, na wa tatu, asiyeona haya, ataandika “Tsavo”, jina la mbuga ya taifa, ilhali nyuma ya twiga wake imesimama safu ya mivinje ambayo mwenyeji yeyote wa pwani hii huitambua kwa mbali.

Sina ugomvi na mtu anayepiga picha kwenye bustani ya wanyama. Wakazi wengi wa mji huu watamwona kiboko kwa mara ya kwanza Bamburi wala si kwenye mbuga, kwa kuwa safari ya mbugani ina gharama ya gari, kiingilio na malazi, na ya Bamburi yaweza kufanywa kwa matatu ya barabara ya Malindi. Wala sioni ubaya wa kuufanya wavu usionekane. Ukiisogeza lenzi karibu sana na waya, ukafungua tundu lake kwa upana wote na kumsubiri mnyama asogee mbali kidogo na wavu upande wake, waya hutawanyika katika picha hadi usionekane kabisa. Huo ni ustadi halali, sawa na kusubiri jua la saa kumi na moja jioni badala ya lile la adhuhuri linalomtia mnyama kivuli cheusi machoni. Uongo huanza pale ambapo mpigaji, baada ya kuuficha wavu, anamwambia mtazamaji kwamba haukuwapo.

Wenye kazi hii duniani walikwisha kulipima jambo hilo. Picha ya mbwamwitu akiruka lango, iliyoshinda mashindano makubwa ya picha za wanyamapori nchini Uingereza mwaka 2009, ilinyang'anywa ushindi mwezi Januari 2010 baada ya waamuzi kuridhika kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mpigaji alikana, lakini uamuzi haukubadilika. Hakuna aliyesema kwamba picha ilikuwa mbaya. Ilikuwa na mwanga na mruko uleule wa siku iliyoshinda. Kilichoharibika ni imani ya mtazamaji, aliyedhani kwamba mtu alivizia usiku kucha porini.

Hapa kwetu hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu anayeificha Bamburi huficha kisa kizuri kuliko anachokibuni. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na udongo, hadi mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti. Alijaribu aina 26, na ni chache mno zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, ndipo wakaletwa majongoo wayatafune na kuyageuza rutuba. Kwa hiyo ile mivinje inayokatwa pembeni mwa picha ili twiga aonekane wa nyika ndiyo iliyomwezesha twiga kuwapo pale. Mimi ningeiacha ionekane. Na jongoo naye, ambaye hakuna mtoto anayeombwa asimame kando yake apigwe picha, anastahili lenzi kuliko tunavyomjali.

Picha mashuhuri kuliko zote zilizopata kupigwa katika bustani ile hazikuficha kitu. Mnamo Desemba 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini Malindi aliokolewa, akaitwa Owen, akaletwa Bamburi, naye akajiegemeza kwa Mzee, kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Picha za Peter Greste za wawili hao zilizunguka dunia nzima. Zingedaiwa kuwa za mtoni fulani, zingekosa maana, kwa kuwa kilichowagusa watu ni kujua hasa kiboko yule ametoka wapi na kwa nini amelala ubavuni mwa kobe.

Tamaa ya kumfanya mnyama wa bustani aonekane mkali ina madhara mengine, nayo humwangukia mnyama mwenyewe. Nimewaona watu wazima, wenye watoto mkononi, wakimrushia mamba vijiwe ili afumbue kinywa. Mamba hufumbua kinywa mwenyewe anapoota jua, kwa kuwa ndivyo anavyopunguza joto la mwili. Anayetaka picha hiyo anahitaji subira na kofia tu. Kwa nyoka, watu hugonga kioo, kisha humpiga flashi usoni kiumbe asiye na kope za kufumba, na mara nyingi wanachopata ni picha ya flashi yao iliyorudishwa na kioo. Izime, ibandike lenzi kwenye kioo, uikinge kwa leso, na magamba yatatokea yalivyo.

Ningependa waandaaji wa mashindano ya picha hapa Pwani wadai jambo moja katika fomu zao: kila picha ya mnyama itaje mahali ilipopigwa, na kama mnyama huyo anafugwa au yuko huru. Picha za bustani zishindanishwe bila kudharauliwa, pengine hata katika kundi lake, kwa maana kumpiga picha nzuri oriksi aliyesimama nyuma ya wavu, saa sita mchana, katikati ya kelele za wanafunzi wa ziara, si kazi ya lelemama.