Gauni Jekundu na Viti vya Ukumbini

Kila Ijumaa ya kwanza ya Februari, Wamarekani wengi huvaa nyekundu kwa ajili ya moyo wa mwanamke. Gauni jekundu lilifanywa nembo ya kampeni ya afya ya serikali yao mwaka 2002, na mwaka 2004 American Heart Association, shirika la afya ya moyo la Marekani, ikaanzisha kampeni yake ya Go Red for Women. Tangu hapo hafla za chakula cha mchana zimekuwa desturi katika miji mingi ya nchi hiyo. Kampuni hununua meza, daktari huzungumza, mwanamke aliyenusurika husimama akasimulia yaliyomkuta, kisha wageni huchangia.

Je, hafla hizi zinaokoa maisha, au zinawakusanya watu ambao tayari wanajua?

Anayezipuuza akumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Kwa miaka mingi ugonjwa wa moyo ulihesabiwa kuwa wa wanaume, na tafiti kubwa kadhaa zilifanywa kwa wanaume peke yao. Mwaka 1991 Bernadine Healy, daktari wa moyo na mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za utafiti wa afya Marekani, aliandika kwamba mwanamke hutibiwa ipasavyo pale tu anapothibitisha kuwa moyo wake unaugua kama wa mwanamume. Miaka miwili baadaye sheria ikalazimisha wanawake washirikishwe katika majaribio ya tiba yanayogharamiwa na taasisi hizo. Kilio kama hicho kinahitaji jukwaa. Mwanamke anaposimulia mbele ya watu mia mbili jinsi alivyoishiwa pumzi akaambiwa ni wasiwasi tu, simulizi hiyo huwakaa wasikilizaji kuliko karatasi yoyote ya maelezo. Ushuhuda wa namna hiyo naupa uzito mkubwa.

Lakini tazama takwimu. Mwaka 1997, katika utafiti wa American Heart Association, takriban asilimia 30 ya wanawake wa Marekani walijua kwamba ugonjwa wa moyo ndio unaoongoza kwa kuua wanawake. Mwaka 2009 walifika asilimia 65. Mwaka 2019 wakashuka hadi 44, na walioporomoka zaidi ni vijana, wanawake weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Miaka yote hiyo ya kushuka, hafla ziliendelea.

Si haki kuzitwisha hafla lawama hiyo. Mlo wa saa mbili hauwezi kubeba elimu ya taifa zima. Hata hivyo, takwimu zinaonyesha ujumbe unaishia wapi. Tiketi ya ukumbini hununuliwa na mwenye nacho, au hulipiwa na mwajiri. Msichana wa miaka ishirini na minane aliyepata shinikizo la damu akiwa mjamzito hayumo ukumbini, ingawa tatizo hilo huongeza hatari ya moyo wake kwa miaka mingi baada ya kujifungua. Wanawake wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, na ni jambo linaloniumiza.

Kuna pia suala la fedha. Sheria ya kodi ya Marekani humtaka mwandaaji anayepokea zaidi ya dola 75 amweleze mgeni thamani ya chakula alichopewa, kwa kuwa sehemu hiyo haihesabiwi kama mchango. Utaratibu mzuri, ila haumwambii mgeni ukumbi, mapambo na vipaza sauti vimemeza kiasi gani. Mwandaaji mwaminifu angetangaza kilichobaki.

Jambo jingine, na hapa nawalaumu wazungumzaji wenyewe: wamerudia mno kwamba dalili za mshtuko wa moyo kwa mwanamke ni tofauti. Ni kweli kwamba kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, maumivu ya taya au mgongo huwapata wanawake zaidi. Lakini maumivu au kubanwa kifua ndiyo dalili ya kawaida zaidi kwao pia. Anayetoka ukumbini akiamini maumivu ya kifua ni ya wanaume ameelimishwa vibaya.

Mimi singezifuta hafla hizi. Ningebadili kinachofanyika kabla ya chakula. Mlangoni pawe na kipimo cha shinikizo la damu, na kila mgeni aondoke akijua kipimo chake. Kisha dakika ishirini za kujifunza kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka moyo wake ukasimama. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwanamume anayeangukia hadharani husaidiwa hivyo na wapita njia kwa asilimia 45, mwanamke asilimia 39. Huenda watu huogopa kumgusa mwanamke kifuani. Woga huo huondolewa kwa mazoezi ya mikono, na mdoli wa mafunzo uwe na matiti.

Meza mbili za mbele zisiuzwe. Wakae wanawake waliojifungua karibuni, na daktari aanze nao.